Tujue Kwanza Joto Limekwama Wapi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na hisabati, walimu wao, na mafundi wa magari na umeme, Dar es Salaam

Wahadhiri wenzangu, walimu wa sekondari mliotoka mbali, mafundi wetu wa Gerezani, wanafunzi: habari za asubuhi. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna kompyuta inavyotumika kukokotoa joto linavyotoka kwenye kitu cha moto na kuingia kwenye nanofluidi, yaani kimiminika kilichochanganywa na chembe ndogo mno za metali au za oksidi yake. Maneno ni mapya, shida ni ya siku zote. Dereva wa daladala aliyepaki pembeni pale Kimara, boneti juu, mvuke unatoka, abiria wanashuka mmoja mmoja kwa sababu gari limechemsha, anaijua shida hii. Fundi umeme anayesoma kipimajoto cha mafuta ya transfoma saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha feni na viyoyozi, anaijua pia.

Tuanze na lisilo na ubishi. Joto linaloondoka kwenye kitu linategemea ukubwa wa uso wake, tofauti ya nyuzi kati yake na kinachokizunguka, na wepesi wa hicho kinachokizunguka kulipokea joto na kulibeba. Kwamba kasi ya kupoa hufuata tofauti ya nyuzi, Isaac Newton aliliandika mwaka 1701, na mpaka leo ndiyo hesabu ya kwanza tunayoifanya.

Sasa angalieni mji wetu unavyotunyang'anya. Rejeta yenye maji ya nyuzi 90, kwenye hewa ya nyuzi 20, ina tofauti ya nyuzi 70 ya kufanyia kazi. Ileteni rejeta hiyohiyo Buguruni mwezi wa pili, saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 32: tofauti inabaki 58. Asilimia 17 ya uwezo wa kupooza imeondoka kabla fundi hajashika spana. Hali ya hewa hatuwezi kuibadilisha. Uso tunauongeza kwa mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, lakini mapezi nayo yana mwisho, kwa sababu nafasi chini ya boneti ina mwisho. Ndiyo maana watu wakageukia kimiminika chenyewe.

Maji hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.6 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja. Ethilini glaikoli iliyomo kwenye kulanti, kimiminika cha kupoozea injini, ni kama 0.25. Mafuta ya transfoma yako chini zaidi, karibu 0.12. Shaba ni karibu 400. Ukiziona namba hizi zimepangwa pamoja, wazo linakuja lenyewe: tuweke shaba ndani ya maji. Na wazo ni la zamani. James Clerk Maxwell aliandika mwaka 1873 kanuni ya kukokotoa upitishaji wa mchanganyiko wa namna hiyo, chembe zikiwa zimetawanyika ndani ya kitu kingine. Kilichoshindikana ni utekelezaji. Chembe za saizi ya vumbi la kawaida hutuama chini, huziba mirija, na hukwangua pampu.

Mwaka 1995, katika maabara ya Argonne nchini Marekani, Stephen Choi alipendekeza chembe zisizozidi nanomita 100, akaupa mchanganyiko huo jina la nanofluidi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ndogo kiasi hicho hugongwagongwa na molekuli za maji kutoka kila upande na hazipati nafasi ya kutulia chini upesi, mradi zisishikamane. Mradi zisishikamane: hapo ndipo kazi kubwa ya wakemia ilipo, na sisi watu wa hesabu huwa tunapapita haraka mno.

Halafu yakaja matokeo yaliyowasisimua watu dunia nzima. Mwaka 2001 Choi na wenzake walitangaza kwamba shaba ya asilimia 0.3 tu ya ujazo, ndani ya ethilini glaikoli, imeongeza upitishaji joto kwa asilimia 40. Kanuni ya Maxwell kwa kiasi hicho inatoa nyongeza isiyofika asilimia moja. Mnaliona pengo hilo? Maabara nyingi zikaingia kazini, makala zikamiminika, kila moja na namba yake, na namba hazikukubaliana.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika historia hii yote. Jacopo Buongiorno wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake waligawa sampuli zilezile kwa taasisi zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali, kila moja ikapima kwa vifaa vyake, kisha wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa sampuli hizo, muujiza haukuonekana. Vipimo vilikaa karibu na kile ambacho nadharia iliyotokana na Maxwell ingekitabiri.

Nchi hii inalijua vizuri jambo la namna hii. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuwa amekwenda kutoa mhadhara kutoka chuo chetu hapa Dar es Salaam. Osborne hakumcheka. Aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanyike, na fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969. Mwaka 2016 Burridge na Linden nchini Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya maji kunatosha kukupa tofauti isiyokuwepo. Mjadala haujafungwa. Heshima ya Mpemba haipungui hata chembe kwa hilo: aliuliza swali linalopimika, na watu bado wanalipima.

Tuje kwenye kompyuta.

Simulesheni ya joto huanza kwa kukatakata nafasi. Unachukua eneo linalozunguka kitu chako cha moto, tuseme bomba, au pezi, au chipu, unaligawa kuwa vyumba vidogo, laki moja, milioni moja, kadiri mashine yako inavyomudu. Kila chumba kina hesabu zake: kiasi cha kimiminika kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka, msukumo ulingane na nguvu zinazokisukuma, na joto lililoingia lionekane limekwenda wapi. Kompyuta inazunguka vyumba vyote tena na tena mpaka hesabu zitulie. Mbinu iliyotumika sana kuoanisha shinikizo na mwendo ilichapishwa na Patankar na Spalding mwaka 1972. Programu ya OpenFOAM, ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2004, inaifanya kazi hiyo bure, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hata ukiwa chumbani kwenye hosteli ya Mabibo. Karibu na uso wa moto vyumba viwe vyembamba sana. Ludwig Prandtl alituonyesha mwaka 1904 kwamba shughuli yote iko kwenye tabaka jembamba linalogusa ukuta, na mwanafunzi anayelipa tabaka hilo vyumba viwili vitatu atapata picha nzuri ya rangi na jibu bovu.

Lakini kompyuta haijui maji ni nini, wala haijui nanofluidi ni nini. Inajua namba nne unazoipa: densiti, mnato (yaani ugumu wa kutiririka), uwezo wa kubeba joto, na upitishaji joto. Basi. Ukiipa namba za kweli inakokotoa, ukiipa za kubuni inakokotoa kwa utiifu uleule.

Hebu tuzifanye namba hizo pamoja, tena kwa kalamu. Chukueni oksidi ya alumini asilimia 3 ya ujazo ndani ya maji. Katika lita moja hiyo ni mililita 30 za unga, na kwa kuwa oksidi ya alumini ina densiti ya karibu kilo 3,970 kwa mita ya ujazo, ni kama gramu 120. Upitishaji joto kwa kanuni ya Maxwell unapanda kwa asilimia 9 hivi. Mnato, kwa kanuni ya Brinkman ya mwaka 1952, unapanda kwa asilimia 8. Densiti inapanda kwa asilimia 9. Na uwezo wa kila kilo kubeba joto unashuka kwa asilimia 9, kwa sababu maji ni mbebaji hodari sana wa joto na tumeyapunguza ili kuweka unga. Pitisheni mchanganyiko huo juu ya bamba la moto, mtiririko ukiwa tulivu, kasi ileile ya maji matupu. Wepesi wa kuchukua joto unaongezeka kwa asilimia 6 hivi. Hayo ndiyo malipo ya gramu 120 za unga ghali katika kila lita. Na nimetumia kanuni yenye huruma, maana vipimo vingi vya maabara kwa oksidi ya alumini vimetoa mnato mkubwa kuliko wa Brinkman.

Sasa nawageukia wanafunzi wa uzamili, kwa upendo, niwaonyeshe mitego mitatu. Makala nyingi mnazozisoma huanza na shaba ndani ya maji, asilimia 0 mpaka 20. Ishirini! Namba hiyo ikae kidogo. Asilimia 20 ya lita ni mililita 200 za shaba, na shaba ina gramu karibu 9 kwa kila mililita. Hiyo ni karibu kilo moja na gramu 800 za shaba ndani ya lita moja. Kitu hicho ni tope. Hakuna pampu ya gari itakayokisukuma, na kanuni ya Maxwell iliandikwa kwa chembe chache zilizo mbalimbali, haikuandikwa kwa tope. Milinganyo inakubali asilimia 20 kwa sababu milinganyo haina pua wala vidole. Sisi tunavyo. Mwanafunzi anayeniletea tasnifu yenye asilimia 20 namwomba kwanza apime kilo hizo kwenye mizani.

Mtego wa pili uko kwenye namba ya Reynolds, na huu umewanasa hata wakubwa. Mtu analinganisha maji na nanofluidi kwa namba ileile ya Reynolds, anaona ongezeko zuri, anashangilia. Namba ya Reynolds, inayotuonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu, ni densiti mara kasi mara urefu, gawanya kwa mnato. Tuseme mnato wako umepanda kwa asilimia 40 na densiti kwa asilimia 9. Ili Reynolds ibaki palepale lazima kasi ipande kwa asilimia 28 au zaidi kidogo. Kwa hiyo umeisukuma nanofluidi kwa kasi kubwa kuliko maji! Sehemu ya ushindi imetoka kwenye pampu. Na pampu inalipwa: katika mtiririko tulivu ndani ya mirija, nguvu ya kusukuma hufuata mnato mara kasi ya mraba, na kwa namba hizo imepita mara mbili. Linganisheni kwa nguvu ileile ya pampu, muone kinachobaki.

Wa tatu unahusu mahali pasipo na pampu kabisa, joto lenyewe ndilo linalozungusha kimiminika, yaani ule myuko mliofundishwa shule ya msingi. Mwaka 2003 Khanafer, Vafai na Lightstone walichapisha simulesheni ya kisanduku chenye ukuta mmoja wa moto na mwingine wa baridi, ikaonyesha chembe zinaongeza joto linalovuka. Mwaka huohuo, Putra, Roetzel na Das walichapisha vipimo vya maabara: chembe zimepunguza joto linalovuka, na kadiri zilivyoongezwa ndivyo lilivyozidi kupungua. Kompyuta inapanda, maabara inashuka. Mama yeyote anayeuza uji na chai ya asubuhi angeweza kutudokeza kwa nini: uji unakaa na moto wake muda mrefu kuliko chai kwa sababu ni mzito, hauzunguki kikombeni, joto la katikati halipati usafiri wa kufika juu. Chembe zikiongeza mnato, mzunguko unazubaa, na kilichopatikana kwenye upitishaji kinaliwa. Mwaka 2008 Ho na wenzake walithibitisha kwa hesabu kwamba tatizo hilohilo la kisanduku linaweza kutoa ongezeko au upungufu, kutegemea tu umechagua kanuni gani ya mnato na ya upitishaji. Kisanduku ni kilekile na milinganyo ni ileile. Uchaguzi wa mtafiti ndio umebadilika.

Buongiorno alipendekeza mwaka 2006 tuache kuuchukulia mchanganyiko kama kimiminika kimoja, tuzifuate na chembe zenyewe zinavyohama, hasa zinavyosogea kutoka penye moto kwenda penye ubaridi. Ni hatua nzuri. Haiondoi haja ya kupima.

Ombi dogo kwa kila anayeandika msimbo wake: kabla ya kuweka chembe hata moja, rudia tatizo la de Vahl Davis la mwaka 1983. Kisanduku cha mraba chenye hewa, namba ya Rayleigh (nguvu ya joto kuizungusha hewa) milioni moja, namba ya Nusselt ya wastani (joto linalovuka ni mara ngapi ya lile ambalo lingevuka hewa ikitulia) lazima ikaribie 8.8. Ukipata 7, usiendelee.

Mafundi wangu mmenyamaza muda mrefu, na sehemu hii ni yenu zaidi ya wote. Joto la injini linapotoka linapita milango mitatu: kutoka kwenye maji kwenda kwenye ukuta wa mrija wa rejeta, kupita ndani ya ukuta, na kutoka ukutani kwenda kwenye hewa. Upande wa maji ni mwepesi, maelfu ya wati kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Upande wa hewa ni mzito, makumi au mia na kitu. Ndiyo maana mapezi yamewekwa nje, kwa hewa. Tuseme hata baada ya mapezi hayo, asilimia 80 ya kizuizi chote bado iko upande wa hewa. Weka nanofluidi, boresha upande wa maji kwa ile asilimia 6 yetu. Rejeta nzima imeboreka kwa asilimia moja na kidogo. Gari lililopita barabara ya vumbi miezi mitatu, mapezi yamejaa udongo na wadudu, linaweza kupata zaidi ya hapo kwa mpira wa maji na brashi laini.

Hii ndiyo sababu ya kichwa cha hotuba yangu. Joto la rejeta limekwama kwenye hewa, na simulesheni inayochora mirija ya maji peke yake, ikauacha upande wa hewa, inashughulikia mlango ambao tayari uko wazi.

Wapi basi kimiminika chenyewe ndicho kikwazo? Ndani ya koili za transfoma, kwa mfano. Pale waya umefungwa karatasi, karatasi imezungukwa na mafuta yanayopitisha joto vibaya na yanayosogea polepole. Mwongozo wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, wa upakiaji wa transfoma huhesabu kwamba kwa karatasi ya kawaida, kila nyuzi 6 zinazoongezeka kwenye sehemu yenye moto zaidi ya koili, kasi ya kuchakaa kwa karatasi inakuwa mara mbili. Nyuzi 6! Ukiweza kushusha nyuzi hizo, umeongeza maisha ya transfoma. Lakini mafuta yale yana kazi ya pili ya kuzuia umeme, kwa hiyo chembe utakazochagua zisije zikaharibu kinga hiyo, na zisituame chini ya tangi katika miaka mingi ya kukaa palepale. Wapi tena? Kwenye vifereji vyembamba vya kupoozea vifaa vya elektroniki. Na kwenye mitambo ya jua ambayo kimiminika chenyewe ndicho kinachomeza mwanga: Otanicar na wenzake waliripoti mwaka 2010 ufanisi ulioongezeka kwa hadi asilimia 5, chembe zikifanya kazi ya kupokea mwanga pamoja na kubeba joto. Kwa nchi yenye jua hili letu, hapo ningependa kuona vijana wengi zaidi.

Kwa wanaotafuta kazi ya kuanzia, ninayo moja, na haihitaji kompyuta kubwa. Kulanti inayouzwa madukani hapa mjini huchanganywa na maji ya kisima, ya bomba, ya chupa, kwa vipimo vya macho. Kabla ya chembe yoyote ya nano, tunahitaji mnato na densiti ya michanganyiko hiyo kama ilivyo kwenye magari yetu, kwa nyuzi 30, 50, 70 na 90. Kipimamnato cha kioo, beseni la maji lenye kidhibiti joto, saa ya kusimamisha, mizani. Mafundi watatuletea sampuli kutoka kwenye rejeta za kweli, wanafunzi watapima, kila sampuli ipimwe na makundi mawili yasiyoonana. Namba zitakazotoka ndizo tutakazoiingizia kompyuta. Wenye nia wabaki baada ya maswali tuandikishane majina.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Karibuni tuulizane, na ningeomba fundi mmoja aanze.